UZI: Mbegu za ukame, GMO, na ile sentensi ya "utafiti umeonyesha"

Wadau, mjadala wa GMO umerudi, na kama kawaida umerudi pamoja na jua kali. Sheria zetu ni zile zile: hakuna mheshimiwa atakayetajwa, hakuna chama, hakuna "wale wenu" na "hawa wetu". Tunaangalia hoja.

Hoja yenyewe mmeisikia. Upande mmoja unapanda jukwaani na kusema: mvua imekosa, watu wana njaa, kwa hivyo tunahitaji GMO, na anayepinga hajali mtu wa Ukambani wala wa Turkana. Upande wa pili unajibu: GMO ni sumu, inaleta saratani, utafiti umeonyesha. Watu wanapiga makofi, kila mtu anarudi nyumbani na jibu lile lile alilokuja nalo.

Mimi nasomea sayansi ya siasa, kilimo nilikiachia wenyewe. Lakini muhula huu nimekaa na hii mada wiki kadhaa kwa sababu ya kazi ya somo la sera za umma, na kuna kitu kimoja ambacho sielewi mbona upande wowote hausemi. Mahindi ya GMO ambayo Kenya imekuwa ikiyabishania hayakutengenezwa ili yastahimili ukame. Na mahindi yanayostahimili ukame ambayo tayari yameidhinishwa kuuzwa hapa kwetu si GMO.

Rudia hapo kama umepita mbio.

Oktoba 2022 Baraza la Mawaziri liliondoa marufuku ya GMO iliyokuwa imedumu tangu Novemba 2012. Wakati huo kaskazini na mashariki mwa nchi mvua ilikuwa imekosa misimu minne mfululizo, mifugo inakufa, na ilikuwa rahisi kwa kila mtu kusikia "ukame" na "GMO" kwa pumzi moja. Tuseme haki: taarifa ya baraza ilitaja ukame, na ikataja pia mimea inayohimili wadudu na magonjwa. Ila ilipofika kwenye mikutano ya hadhara, wadudu walipotelea njiani, ukabaki ukame peke yake.

Sasa, ni mahindi gani yalikuwa mbele kwenye foleni? Yanaitwa mahindi ya Bt, na badiliko lenyewe lina namba, MON810. Mmea umepewa jeni kutoka kwa bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis, na jeni hiyo inaufanya utengeneze protini inayoharibu utumbo wa viwavi wanaotoboa bua. Kiwavi akila, anakufa. Basi. Ni kinga ya wadudu. Mvua ikikatika mahindi yakiwa yanatoa maua, hiyo protini haina la kukufanyia. Ukiniambia kwamba bua ambalo halijatobolewa lina nafasi nzuri kidogo ya kuvumilia jua, nitakukubalia nusu. Lakini hiyo si hoja inayouzwa jukwaani.

Je, kuna GMO ya ukame? Ipo. Inaitwa MON87460, na jeni yake inatoka kwa bakteria mwingine, Bacillus subtilis. Ilipandwa hapa kwenye majaribio yaliyozungushiwa ulinzi kuanzia mwaka wa 2010, chini ya mradi wa WEMA ulioanza 2008 na kusimamiwa na AATF, shirika lenye makao yake hapa Nairobi. Lakini mwaka wa 2015 ombi la mahindi lilipopelekwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia (NBA), lilikuwa la MON810, yaani la viwavi. Na kule Afrika Kusini, ambako GMO hupandwa bila kelele nyingi, mwaka wa 2018 waliokuwa wakiamua walikataa ombi la aina moja ya mahindi iliyobeba jeni hiyo ya ukame pamoja na nyingine. Walisema data iliyoletwa haikutosha kuonyesha kwamba inafanya kazi wakati wa ukame. Hao si wanaharakati wa mitandaoni. Ni serikali inayoruhusu GMO, imesoma makaratasi ikasema hapana.

Sasa mahindi ya ukame yanatoka wapi? Ukienda Mombasa kwa barabara, ukishapita Emali na kabla hujafika Makindu, kuna mahali panaitwa Kiboko. Wengi tunapapita tukiwa tumelala kwenye basi. Hapo KALRO na CIMMYT wana mashamba ya utafiti, na kazi inayofanywa pale ni ya kuvutia kuliko hotuba zote nilizosikiliza mwaka huu.

Wanapanda mahindi msimu wa kiangazi kwa makusudi. Wanamwagilia, mahindi yanakua vizuri, halafu karibu na wakati wa kutoa maua wanafunga maji. Mbona wakati huo? Kwa sababu hindi ni mmea wa ajabu. Ua la kiume liko juu kabisa, ile mbelewele inayotoa poda. Ua la kike liko chini, ni suke, na zile nywele unazoona zikichungulia kwenye maganda, kila moja inaelekea kwenye punje yake. Poda lazima ianguke kwenye unywele ndipo punje itokee. Mmea ukiwa na kiu, mbelewele hutoa poda yake karibu wakati ule ule wa kawaida, lakini nywele zinachelewa. Zinapotoka, poda imeshapeperushwa. Unavuna gunzi lenye mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza, ama gunzi tupu.

Kwa hivyo watafiti wanahesabu siku. Kati ya mbelewele kutoa poda na nywele kutokea ni siku ngapi? Mstari ambao siku zake zinabaki chache hata maji yakifungwa, huo ndio wanaouchagua na kuuzalisha na mingine mizuri. Kazi ya namna hii ilianza Mexico miaka ya 1970. Hakuna jeni iliyohamishwa kutoka kwa bakteria. Ni kuchagua, kuchavusha kwa mkono, kuchagua tena, mwaka baada ya mwaka. Kuna mradi mmoja wa kikanda, DTMA, ambao kwa njia hii ya kawaida ulitoa zaidi ya aina 200 za mahindi katika nchi 13 za Afrika kufikia 2015. Hata ule mradi wa WEMA unaotajwa kila mara kwenye mabishano ya GMO, mbegu yake ya kwanza kuidhinishwa Kenya, WE1101 ya mwaka wa 2013, ilizalishwa kwa njia ya kawaida.

Kabla ya hapo tulikuwa na Katumani, ambayo wazazi wetu wanaijua kwa jina. Ilitoka kwenye kituo cha utafiti cha Katumani, Machakos, miaka ya 1960. Hiyo haikuwa na nguvu za pekee za kuvumilia kiu. Ujanja wake ulikuwa kuwahi. Inakomaa kwa miezi mitatu hivi, kwa hivyo mvua ikienda mapema, inakuta mahindi yameshamaliza kazi. Wataalamu hutenganisha mambo haya mawili, kuukwepa ukame na kuuvumilia. Mheshimiwa akisema "mbegu ya ukame", ni haki yako kuuliza ni ipi kati ya hizo. Inayokwepa huwa na bei yake: mwaka wa mvua nzuri, mahindi ya muda mfupi hayazai kama yale ya muda mrefu.

Na kwa wale wa "turudi kwa mahindi yetu ya asili", hebu tuongee kidogo. Mahindi yenyewe asili yake ni Marekani ya Kati. Haibridi ya kwanza kubwa ya Kitale, H611 ya mwaka wa 1964, ilitokana na kuchanganya mahindi ya Kitale na mengine yaliyotolewa Ecuador. Ukitaka kutetea vya asili, simama na mtama na wimbi, hapo nitakuunga mkono bila kusita.

Sasa tuje kwa ile sentensi. "Utafiti umeonyesha mbegu hii inazaa asilimia fulani zaidi." Hapa ndipo siasa hupenda kujificha, kwa sababu namba haina uso.

Chukua shamba la kawaida. Juu kuna mawe, chini udongo umekusanyika. Kona moja ni pale boma la ng'ombe lilikuwa zamani. Kila mtu wa kijijini anajua kona ya boma la zamani huzaa hata ukipanda mbegu mbovu. Nikitaka kukudanganya, ni kazi rahisi: napanda mbegu yangu mpya kwenye kona ya boma, mbegu ya zamani naiweka kwenye mawe, halafu nakualika uje ujionee. Sijasema uongo hata neno moja. Umeona kwa macho yako.

Jibu la ujanja huu lilitengenezwa Uingereza, kwenye kituo cha Rothamsted, ambako mwanatakwimu Ronald Fisher alianza kazi mwaka wa 1919. Kanuni zake bado zinatumika hadi Kiboko. Gawa shamba kwa vipande vidogo. Kila mbegu iwe kwenye vipande kadhaa, sio kimoja. Na nani aende wapi iamuliwe kwa kura, kama kadi za karata zilizochanganywa, mtafiti asichague kwa macho. Hapo kona ya boma haiwezi kumpendelea mmoja. Halafu unaangalia: tofauti kati ya mbegu mbili ni kubwa kuliko tofauti unayoiona kati ya vipande vya mbegu ile ile moja? Kama si kubwa, huna habari, una bahati tu.

Ndio maana lile shamba la maonyesho kando ya barabara, lenye kibao cha kampuni, fulana na soda, halihesabiki kama jaribio. Ni tangazo. Sina shida na matangazo, shida ni pale picha ya tangazo inaposomwa Bungeni kama utafiti.

Halafu uliza: asilimia zaidi ya nini? WEMA ilipoanza, lengo lililotangazwa lilikuwa asilimia 20 hadi 35 zaidi wakati wa ukame wa wastani, ikilinganishwa na haibridi zilizokuwa sokoni 2008. Kuna maneno mawili hapo ambayo jukwaani hayafiki. "Wastani" maana yake ni kwamba mvua imepungua, sio kwamba imekosa kabisa. Kwenye mwaka kama 2022 kule Marsabit au Mandera, hakuna mahindi ya aina yoyote yatakayokupa chakula, ya maabara ama ya nyanya yako. Na "ikilinganishwa na" ndiyo roho ya namba nzima. Kama mkulima alikuwa anavuna magunia manne, theluthi juu yake ni gunia moja na kidogo. Ni kitu, na kwa familia ni kitu kikubwa, lakini si mapinduzi ya taifa kama tunavyoahidiwa.

Upande wa pili nao nisiuachie, maana wao wana panya wao.

Septemba 2012 utafiti kutoka Ufaransa ulichapishwa ukiwa na picha za panya wenye uvimbe mkubwa, na mahindi ya GMO yakalaumiwa. Miezi miwili baadaye Kenya ikapiga marufuku. Panya walikuwa 200, lakini waligawanywa kwa makundi 20, kwa hivyo kila kundi lilikuwa na panya 10 tu. Kundi la kulinganishia, lile ambalo halikupewa GMO, nalo lilikuwa na madume 10 na majike 10. Aina ya panya waliotumika inajulikana kwa kupata uvimbe wenyewe wakizeeka, na jaribio lilienda miaka miwili, karibu umri wao wote. Sasa rudi kwa ile kanuni ya shamba: tofauti kati ya makundi ni kubwa kuliko tofauti ya kawaida kati ya panya na panya? Kwa panya 10 huwezi kujua. Novemba 2013 jarida liliondoa utafiti huo, likasema halikuona udanganyifu, ila matokeo hayatoshi kufikia uamuzi. Mwaka uliofuata waandishi waliuchapisha tena kwenye jarida jingine.

Kitu kinachoniuma kama mwanafunzi wa siasa ni kalenda. Utafiti uliondolewa 2013. Marufuku iliondolewa 2022. Kwa miaka karibu tisa hakuna aliyerudi kusema, jamani, ule msingi umetikisika, tukae chini tuangalie upya. Na ilipoondolewa, sababu iliyoshika haikuwa panya, ilikuwa ukame, ambao nao haukuhusiana na mahindi yaliyokuwa mezani. Marufuku ilikuja na hoja isiyofaa, ikaondoka na hoja isiyofaa.

Usinielewe vibaya, simaanishi kwamba GMO haina maswali. Maswali mazuri yako kwenye kumbukumbu zetu wenyewe. Taasisi yetu ya utafiti wa kilimo ilijaribu viazi vitamu vya GMO vilivyotarajiwa kuhimili virusi, na mapema 2004 ikaripotiwa kwamba havikuonyesha faida juu ya vile vya kawaida. Vya kawaida hata vilizaa zaidi. Tazama: ni majaribio yale yale yenye kulinganisha yaliyotoboa siri. Na Afrika Kusini, mwaka wa 2007 iliripotiwa kwamba baadhi ya viwavi wanaotoboa bua walikuwa wamezoea Bt, hawafi tena. Kinga yake ni kuacha sehemu ya shamba na mahindi ya kawaida, ili viwavi wasiozoea wabaki na kuzaana na wenzao. Jiulize wewe mwenyewe kama mtu wa ekari moja atakubali kulima sehemu ya shamba kwa ajili ya viwavi. Hilo ni swali la sera, na sijasikia likiulizwa kwenye mkutano wowote.

Kuna pia suala la nani anamiliki mbegu. Wengi husema GMO itatulazimisha kununua mbegu kila msimu. Haibridi tayari zimetulazimisha tangu miaka ya 1960, maana ukipanda punje za haibridi msimu wa pili mavuno yanashuka. Kwenye mradi wa WEMA hakuna ada ya leseni kwa zile jeni, ila hiyo haimaanishi mbegu ni ya bure. Duka litataka lake. Hofu ya umiliki ni ya kweli, na imekuwa mahakamani kwa njia nyingine kabisa: Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos iliamua kwamba vifungu vya sheria ya mbegu vilivyomzuia mkulima kubadilishana ama kuuza mbegu zake za kienyeji vinakiuka Katiba. Kesi hiyo haikuwa ya GMO. Ilikuwa ya mtu na mbegu ya kunde ama mahindi aliyoirithi.

Kuhusu GMO yenyewe, mahakama zimekuwa kama mlango wa matatu. Novemba 2022 Mahakama Kuu ikasimamisha uamuzi wa baraza. Oktoba 2023 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikatupa kesi moja. Novemba 2024 Mahakama Kuu ikatupa nyingine. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikatoa amri ya kusimamisha hadi rufaa isikizwe. Mawakili walibishana sana kuhusu ushirikishwaji wa umma, na naona walikuwa na haki ya kubishana hivyo, kwa sababu umma ulioulizwa uliulizwa kuhusu ukame wakati kwenye sahani kulikuwa na viwavi.

Na wakati sisi tunabishana, shangazi yangu kule Makueni bado anapanda anachokikuta dukani. Msimu uliopita agroveti ya sokoni kwao ilikuwa na mbegu ya nyanda za juu peke yake, ile inayotaka miezi sita na mvua ya Trans Nzoia. Mvua yao ni ya miezi miwili na kidogo. Mbegu za kustahimili ukame zimeidhinishwa tangu yeye hajapata mvi, na kituo zinakojaribiwa kiko kaunti yake mwenyewe. Aliniuliza kama hii GMO inayosemwa redioni itafika lini ili ashinde jua. Nilimwambia asiingoje, aulize kwanza duka lile kama linaweza kuagiza zile za muda mfupi. Wakamwambia arudi mwezi ujao. Mvua haikungoja mwezi ujao.

Hebu nitajie mheshimiwa mmoja, kimoyomoyo, usiandike jina, aliyewahi kuulizwa kwenye mjadala wa runinga ni kwa nini mbegu iliyopitishwa 2013 haiko dukani mwaka huu.

Uzi ujao ni ruzuku ya mbolea. Leteni maswali, majina yaacheni nyumbani.